Omena Hajui Mpaka; Mbona Sheria Zetu Zinaujua?

Mtu apitaye katika soko la Malava, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, hakosi kuona vichungu vya omena waliokaushwa wakipimwa kwa gorogoro. Kwa familia nyingi za hapa, samaki huyu ndiye nyama ya katikati ya juma. Mwalimu anayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi anamjua. Mwanafunzi wa bweni anamjua zaidi. Hata kuku hulishwa omena waliosagwa. Lakini ifikapo Aprili, mnunuzi huambiwa kwamba bei imepanda kwa sababu ziwa limefungwa. Aghalabu yeye hunung'unika, akailaumu serikali, kisha akapunguza kipimo. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kufunga uvuvi kwenyewe si kosa. Kosa liko kwingine.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo taaluma yangu. Samaki tumwitaye omena, kwa neno tulilolipata kwa Wajaluo, huitwa mukene nchini Uganda na dagaa nchini Tanzania. Hayo ni majina matatu ya samaki mmoja, ambaye wanasayansi humwita Rastrineobola argentea. Kwa upande mwingine, neno dagaa limebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi. Dagaa wa Mwanza si dagaa wa Kigoma, na wote wawili si dagaa wa Unguja. Yule wa Kigoma ni wa ukoo wa sadini wa baharini, ambao wahenga wao waliingia katika maji baridi mamilioni ya miaka iliyopita. Lugha imewatia wote katika kapu moja kwa sababu tu ni wadogo. Udogo huo umewaponza pia katika fikra zetu, kwani mtu asiye na cheo huitwa dagaa, na mwenye nguvu huitwa papa.

Sisi wa Malava tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Jina Waluhya lilienea katika karne ya 20 tu, nalo limefunika lahaja nyingi. Mkabras na Mtachoni, wanaoishi bega kwa bega hapa, wanajua vyema mahali usemi wao unapotofautiana. Mwanaisimu anapotaka kujua historia ya watu, hatosheki na jina lao. Husikiliza usemi wao. Watu wakioana na kufanya biashara pamoja, usemi wao huchanganyika. Wakitenganishwa kwa muda mrefu, usemi wao huachana.

Wataalamu wa jenetiki hufanya kazi iyo hiyo kwa samaki, ila badala ya maneno wao huchunguza chembe za urithi. Samaki wa ghuba mbili wakifanana katika chembe hizo, yaelekea huzaana. Wakitofautiana, basi kila kundi lina mazalio yake. Tofauti hii si ya kujibia mtihani tu. Ikiwa samaki wote ni kundi moja, anachokihifadhi jirani mmoja kinaweza kuvuliwa na mwingine. Ikiwa ni makundi mbalimbali, basi zalio moja likiharibiwa, huenda pasiwe na samaki wa kuja kulijaza tena.

Mifano haikosekani. Kila mwaka, majira ya baridi, makundi makubwa ya sadini husafiri kuelekea pwani ya KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, yakifuatwa na pomboo, papa na ndege. Wengi walidhani kwamba sadini wale wanakwenda kwao kuzaliana. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi, wakaonyesha kwamba kuna makundi mawili ya sadini nchini humo, moja la upande wa Atlantiki na jingine la upande wa Bahari ya Hindi. Wale wanaosafiri ni hasa wa Atlantiki, waliozoea maji ya baridi, ambao huvutwa na mkondo wa baridi wa muda mfupi hadi mahali pasipowafaa. Jina lao ni moja, lakini maskani yao ni mbalimbali.

Ziwa Tanganyika nalo lilitoa jibu la kinyume. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji na wenzao walichapisha uchunguzi wa dagaa waitwao Stolothrissa, wasiione tofauti ya maana ya kijenetiki baina ya samaki wa kaskazini na wa kusini mwa ziwa hilo refu. Kwa hiyo Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zinavua kutoka chungu kimoja. Kwa mujibu wa makubaliano ya nchi hizo nne, Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Hapo sheria ilijaribu kumfuata samaki.

Sasa turudi kwa omena wetu. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la Ziwa Viktoria. Uganda ina 43, na Tanzania 51. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane, bila majirani wote kufunga kwa kipindi kicho hicho. Matokeo yake ni dhahiri: mvuvi wa Kenya anaanika nyavu, na omena kutoka ng'ambo wanaingia sokoni kwa bei ya juu. Mvuvi akiona hivyo, kwa nini asiibe usiku? Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria liliundwa mwaka 1994, makao yake yakiwa Jinja, ili nchi hizi tatu zisimamie ziwa kwa pamoja. Iweje basi kalenda ya kuzaliana kwa samaki ikome kwenye mpaka uliochorwa na wakoloni?

Lakini tusiwatupie lawama wavuvi na serikali peke yao. Omena hukaribia ufuo kutaga mayai, na maji ya ufuo ndiyo yanayopokea kwanza kila kitu kinacholetwa na mito. Maji ya Malava huishia katika Nzoia, na Nzoia hulifikia ziwa kupitia Budalangi. Udongo unaomomonyoka kwenye mashamba yetu ya miwa yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, pamoja na maji machafu ya viwanda na masoko, hufuata njia iyo hiyo.

Tena tunao ushahidi wa karibu. Ningu, samaki aliyepanda Nzoia wakati wa mafuriko ili atage, alikuwa kitoweo cha wengi. Katikati ya karne iliyopita, nyavu ziliwekwa midomoni mwa mito, zikawanasa wazazi kabla hawajataga, na uvuvi wa ningu ukaporomoka. Vijana wengi leo hawalijui hata jina lake. Nami nimejifunza kwamba neno likianza kutoweka vinywani mwa watoto, mara nyingi kitu chenyewe kimetangulia kutoweka.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, nchi tatu zifunge uvuvi wa omena kwa pamoja, kwa kuongozwa na uchunguzi wa mazalio na wa chembe za urithi, si kwa mipaka. Pili, mvuvi anayeambiwa apumzike miezi minne asaidiwe kupata riziki, maana sheria isiyojali njaa haitiiwi. Tatu, walimu wa Malava wawatoe wanafunzi darasani, wawapeleke mtoni mvua inaponyesha, waone rangi ya maji, kisha wawaulize maji hayo yanakwenda wapi na yanamfikia nani.

Omena ni mdogo, lakini ndiye aliyebaki sufuriani baada ya wengine kuadimika. Tukimdharau kwa sababu tu jina lake ni dagaa, siku moja gorogoro la sokoni Malava litakuwa tupu, na hapatakuwa na jirani wa kulijaza.