Lahaja za Kinyakyusa Zastahili Kuchunguzwa Shuleni

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi za ukanda huu, Mto Songwe ulifanywa mpaka. Watu waligawanywa, lakini lugha haikukatika. Kinyakyusa kinachosemwa Makwale na kwingineko wilayani Kyela, na Kyangonde kinachosemwa Karonga nchini Malawi, vinaelewana kwa kiasi kikubwa. Malcolm Guthrie, alipoziainisha lugha za Kibantu, aliviweka pamoja chini ya alama moja, M31. Hata hivyo, upande mmoja huvihesabu kuwa lugha mbili, na upande wa pili huona ni lahaja tu. Ni dhahiri kwamba mpaka kati ya lugha na lahaja mara nyingi huwekwa na siasa kuliko sarufi.

Ndani ya Tanzania pia usemi haufanani. Watu wa tambarare ya ziwa, wa Selya, Wakukwe na watu wa milima ya Rungwe hutambuana kwa matamshi na kwa baadhi ya maneno. Tofauti hizi si makosa ya usemi. Kwa mwanaisimu, ni ushahidi wa uhamaji, ujirani na biashara, kama vile matabaka ya mawe yalivyo ushahidi kwa mwanajiolojia.

Ushahidi huo umeandikwa kwa uchache. Mwaka 1899 mmisionari C. Schumann alichapisha kwa Kijerumani muhtasari wa sarufi ya lugha aliyoiita Kikonde. Lakini maandishi mengi yaliyofuata yalitumia herufi tano za irabu, ilhali Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu huweza kubadili maana ya neno. Hivyo maneno mawili yaliyo tofauti masikioni huweza kuwa sawa kwenye karatasi. Asiyeisikia lugha hiyo kinywani mwa wenyewe hawezi kuzirudisha irabu zilizopotea.

Wako wasemao kwamba kushughulikia lugha hizi ni kurudisha ukabila. Hofu hiyo ina historia yake, lakini haina msingi katika jambo hili. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, na nafasi yake haitikisiki kwa sababu wanafunzi wameandika orodha ya majina ya samaki. Kinyume chake, Kiswahili chenyewe hutajirika kwa istilahi kutoka lugha za Kibantu zilizo ndugu zake.

Kazi yenyewe yaweza kuanza bila mitambo. Mwalimu achague maneno mia moja: viungo vya mwili, mimea, samaki wa Ziwa Nyasa, kazi za mpunga na za migomba. Wanafunzi wawaulize wazee, kwa heshima na kwa idhini yao, wakiandika kila neno pamoja na kijiji na umri wa msemaji. Orodha ya Makwale ikilinganishwa na ile ya Rungwe, tofauti zitaonekana zenyewe, na wanafunzi watakuwa wamejifunza kukusanya data, kulinganisha na kutoa hitimisho.

Lahaja hufifia kimyakimya, kwani vijana wanaohamia mjini huacha kwanza maneno ya shambani na ya mtumbwini. Mzee anapofariki, maneno hayo hayana akiba nyingine. Shule iliyo karibu naye ndiyo yenye nafasi ya kuyawahi.