Mazungumuzo ya Jamaa: Mugeni Aliyekuja na Nyumba Yake

Mwezi huu tunazungumuza juu ya mutu anayerudi kutembelea ndugu mu muji alimozaliwa. Mufano tunautoa mbali, Marekani, lakini ni mu muji wa shaba. Ninyi watoto wa kambi mutafahamu upesi.

Kule Marekani wazee wengi wakimaliza kazi na kuanza kula pensio, wananunua motokari-nyumba. Ndani kuko kitanda, jiko la gazi, frigo, choo na mahali pa kuoga. Zile kubwa zina urefu wa metre 10 ao zaidi. Maji safi yanakaa mu tanki moja, maji ya kuoga yanaingia mu ingine, na ya choo mu tanki yake yenyewe. Tanki zikijaa, lazima kwenda kuzimwanga mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Kumwanga mu barabara ni kosa. Basi bwana na bibi wanazunguka inchi, wiki moja hapa, mwezi mumoja kule. Na wengi, siku moja, wanageuza usukani kuelekea kwao.

Tutwae muji wa Butte, mu jimbo la Montana. Uko juu ya kilima, metre 1,700 hivi juu ya bahari, na baridi yake ni kali sana. Kwa hiyo wenye motokari-nyumba wanafika wakati wa joto, mbele maji hayajaganda mu mipira. Zamani watu walitoka Irlandi, Italia, Finlandi na inchi zingine kuja kuchimba shaba chini ya udongo. Mu mwaka wa 1920 muji ulikuwa na watu zaidi ya 41,000. Leo, hata ukihesabu na mashamba ya kando, ni karibu 35,000.

Mu mwaka wa 1955 kampuni ilianza kuchimba shimo la wazi, ile sisi tunaita karyeri. Jina lake ni Berkeley Pit. Shimo likapanuka, likameza mutaa wa Meaderville, kule Waitalia wengi walikaa, na mutaa wa McQueen. Mu mwaka wa 1982 pampu za chini zilizimwa, kazi ya shimo ikasimama, maji yakaanza kupanda. Leo ni ziwa la maji makali yenye asidi. Watu wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa sana: hata kwao kuko jamaa zilizotoka mu nyumba juu ya mugodi kusogea.

Sasa fikiri mutoto wa Meaderville aliyeenda kutafuta kazi Seattle, karibu kilomita 950. Leo ni muzee. Anarudi Butte na kitanda chake, sufuria zake na mulango wake. Lakini pale mama yake alipomuzaa ni maji matupu. Hakuna mulango wa kubisha. Muji uliomubakia ni ndugu zake tu.

Hapo ndipo ulizo linatokea: atalala wapi?

Kwetu, mugeni kulala mu motokari ndani ya lupango ya yaya yake, watu wangesema kuko ugomvi. Kule wengi wanaona ni heshima: yaya amezeeka, asihangaike na mashuka na maji ya kuoga. Ni neno la kweli. Hata hapa kwetu tunajua jamaa zinazokopa feza juu ya wageni, kisha mugeni anaenda na deni linabaki.

Lakini angalia hatari yake. Mugeni anapika kahawa yake ndani, anakula mukate wake, anatoka saa ine ya asubui kuamkia. Kisha siku mbili anawasha moto wa motokari. Anasema: "Sikuwasumbua hata kidogo." Na yaya anabaki na kuku ambaye hakuchinjwa. Je, huyu mutu alifika kweli?

Tena, kutosumbua si rahisi kama anavyofikiri. Motokari-nyumba kubwa inataka umeme wa ampere 30 ao 50. Prise ya nyumba kule inatoa 15 ao 20. Akiunga kamba kwa ndugu na kuwasha mashini ya baridi pamoja na jiko la umeme, moto unakatika ku prise ile, kama vile sisi tulivyozoea. Frigo nyingi za namna hiyo hazifanye kazi vizuri kama motokari imelala upande. Ku kilima kama Butte lazima kutia mbao chini ya mapine. Na miji mingi ina sheria juu ya kulaza motokari kama hizo mu barabara. Yote hayo yanaomba kuuliza mwenyeji mbele ya kufika. Ukimuuliza, umemupa nafasi ya kukukaribisha.

Kuko na neno kubwa zaidi. Mu kila jamaa kuko aliyeenda na kuko aliyebakia. Aliyebakia ndiye alimupeleka mama ku hospitali, alimuzika, anasafisha kaburi. Aliyeenda anafika na picha za milima na bahari. Akianza na picha, moyo wa mwenzake unafungwa. Aanze hivi: "Yaya, zile siku za mwisho za mama, ulizipitisha namna gani?" Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho, hata kama maneno yanauma. Ale ku meza ya nyumba. Alale ndani hata usiku mumoja. Waende pamoja kuangalia lile shimo. Pale Butte kuko mahali pa kusimama na kuliona. Wawili wakionyeshana kwa kidole, "mulango wetu ulikuwa pale," muji unarudi kidogo.

Vijana, musiseme hii ni mambo ya wazungu wenye feza. Munaenda Lubumbashi, Kinshasa, wengine mbali zaidi. Kulala ku hoteli wakati wa kutembelea wazazi ni motokari-nyumba. Kutuma feza kwa telefone na kukosa kufika miaka tano, ni vilevile. Feza ni nzuri, muendelee kutuma. Lakini wahenga walisema: "Mugeni njoo, mwenyeji apone." Feza za telefone hazisikilize mutu mpaka mwisho.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani:
1. Mu jamaa yetu, nani aliyebakia? Tulimushukuru siku gani?
2. Tukienda kutembelea, tunaacha deni, ao tunaacha furaha?
3. Muji wetu wa zamani ungepotea, tungeutafuta kwa nani?