Funakoshi na Siasa ya Jina

Akitajwa Gichin Funakoshi, wengi hukumbuka ngumi na mateke. Mimi humkumbuka kwa alama moja ya maandishi.

Mwalimu huyu wa shule alizaliwa mwaka 1868 mjini Shuri, kisiwani Okinawa, akafunzwa na magwiji Azato na Itosu. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuionyesha sanaa yake, akabaki huko akifagia bweni la wanafunzi ili apate riziki. (Fahari ya ualimu haijaanza kupuuzwa leo!)

Wakati huo neno karate liliandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ilirejelea Uchina wa enzi ya Tang, ya pili mkono. Ipo alama nyingine itamkwayo vivyo hivyo, 'kara', ambayo maana yake ni utupu. Funakoshi hakuwa wa kwanza kuitumia, ila ndiye aliyeipigania na kuieneza. Sauti haikubadilika hata chembe, lakini 'mkono wa Kichina' ukageuka 'mkono mtupu'.

Wapo wanaosema alitafuta falsafa: mkono usio na silaha, moyo usio na kiburi. Sikatai. Hata hivyo, Japani ilikuwa imeivamia Manchuria mwaka 1931, na jina lenye harufu ya Uchina lisingepata soko. Istilahi haizaliwi maktabani tu. Hata usanifishaji wa Kiswahili uliomteua Kiunguja na kumwacha Kimvita nje haukuamuliwa na sarufi peke yake.

Aidha, aliyabadilisha majina ya mitindo ya mazoezi. Pinan ikawa Heian: alama ni zile zile, zikasomwa Kijapani tu. Naihanchi ikawa Tekki, yaani farasi wa chuma, na kwa kuwa mwanafunzi husimama kana kwamba amempanda farasi, jina hilo linamfaa. Hapo namuunga mkono bila kusita. Lakini Kushanku, jina linalonasibishwa na mjumbe wa Kichina, likawa Kanku, 'kutazama mbingu'. Jina ni zuri, ila limemzika mtu.

Ukumbi wake wa Shotokan ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1945 ulijengwa upya baadaye. Yeye alifariki mwaka 1957. Huko kwao Okinawa, shule nyingi bado hutamka Kushanku.