Rangi inaweza ngoja, usukani hauwezi

Wasee, mnikasirikie tu: mengi ya haya magari ya zamani mnayopost yaking'aa hayafai kutoka hapa Mwiki hata kufika Thika Road. Najua kwa sababu langu lilikuwa moja yao.

Ni Peugeot 504 ya guka. Nyinyi mnaijua kwa picha, lakini ndiyo ilibeba wazazi wetu kwenda ushago, na ndiyo Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally 1975. Guka aliponiachia, pesa ilienda kwa rangi, viti na rimu. Usukani ulikuwa unacheza, kwa hivyo nikanunua tairodi ya bei ya chini, boksi limeandikwa "orijino", nikarudi kwa mambo ya rimu.

Tairodi ni ile fimbo inayosukuma gurudumu likate kona. Mwisho wake kuna gololi ndani ya kikombe chenye grisi, imefunikwa na mpira. Gololi ikichomoka, gurudumu la upande huo linaenda linakotaka. Langu lilichomoka kwa shimo karibu na Githurai. Nilikuwa natambaa kwa jam, na hiyo peke yake ndiyo sababu naandika hii.

Shida ni hilo neno orijino. Pale Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, linaweza kumaanisha spea ya Peugeot yenyewe, au ya kampuni iliyokuwa ikiuzia kiwanda spea zilezile, au kopi yenye boksi la kuvutia. Hiyo ya pili iko sawa kabisa, na kwa gari lililoanza kuundwa 1968, mara nyingi ndiyo utapata. Ya tatu ndiyo ilinipata mimi.

Na hata ukipata ya kiwanda, usifurahi haraka. Chuma kinaweza kukaa kwa rafu miaka 30 bila neno, lakini mpira unazeeka ndani ya boksi. Ubonyeze kwa kidole. Ukiwa umekauka au una nyufa, tafuta mpira mpya kabla ya kufunga, la sivyo vumbi letu litaingia na kula hiyo gololi.

Kuna mafundi watakwambia wanaweza kugonga kikombe kwa nyundo kibane, au kuchomelea. Buda, toka hapo. Kiti ukichomelea vibaya utaumwa mgongo tu. Na wakishafunga tairodi mpya, peleka gari ipimwe magurudumu, usiamini macho ya mtu.

Mtasema orijino ni bei. Ni kweli, na mimi nimeuza rimu. Kule Ufaransa, L'Aventure Peugeot Citroën DS wanauza spea za magari ya zamani ya kampuni hizo, lakini ukiongeza usafiri na ushuru, utakula sukuma mwezi mzima. Sawa tu. Heri nile sukuma kuliko kumgonga mtoto wa mtu akivuka kwenda shule, eti nilikuwa nasevu.

Kwa sasa 504 iko juu ya mawe hapa ploti, ile rangi yangu ya pesa nyingi imejaa vumbi. Guka akipita hata haiangalii. Anauliza tu kama tairodi imefika.