KABLA HUJAMLAUMU MAMA, TAZAMA KIOTA CHAKE



Ndugu wasomaji, kuna maneno yamekuwa mepesi mno midomoni mwa watu. Mtoto akiwa mkorofi, ni mama yake. Akichelewa kusema, ni mama yake. Akishindwa masomo, ni mama yake. Zamani maneno haya yalikuwa ya barazani tu, lakini sasa yamevalishwa koti jeupe la daktari, na utamsikia mtu akisema kwa kujiamini kabisa: "Wataalamu wamegundua kuwa mama mwenye dhiki anaharibu ubongo wa mtoto." Basi mwanamke aliyejifungua wiki tatu tu zilizopita, hajapata usingizi usiku wala mchana, anaambiwa atulie, atabasamu, asiwe na mawazo, kwani eti mawazo yake ni sumu kwa mwanawe. Juu ya dhiki aliyokuwa nayo anaongezewa hofu, na juu ya hofu anaongezewa lawama.

Nasema wazi kwamba wanaoutumia utafiti huu kuwachapia kina mama hawajausoma, au wameusoma nusu na kuiacha nusu iliyo muhimu zaidi. Hebu tuusome pamoja.

UTAFITI WENYEWE UNASEMAJE?

Katika Chuo Kikuu cha California, mjini Irvine, Marekani, yupo daktari wa watoto na mtafiti wa ubongo anayeitwa Tallie Baram. Tangu miaka ya 1990 yeye na wenzake wamekuwa wakichunguza namna dhiki ya siku za mwanzo za maisha inavyoufinyanga ubongo unaokua. Walitumia panya wa maabara, na jaribio lao ni rahisi kulieleza.

Walichukua panya waliozaa na kuwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza liliachiwa matandiko ya kutosha ya kutengenezea kiota. Kundi la pili liliwekwa juu ya sakafu ya wavu, na kila mama akapewa nusu tu ya karatasi ya kufutia mikono ili ajengee kiota. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa wiki moja hivi, tangu watoto walipokuwa na umri wa siku 2 hadi siku 9. Hakuna aliyepigwa wala aliyenyimwa chakula, na hakuna mtoto aliyetenganishwa na mama yake. Kilichopunguzwa ni matandiko.

Ikawaje? Mama mwenye kiota duni hakuwatupa wanawe. Ukijumlisha muda wote aliowahudumia, haukupishana sana na wa yule mwenye kiota kizuri. Lakini malezi yake yalikatikakatika. Ananyonyesha kidogo, anaondoka; anarudi kuwalamba, anaacha katikati; anakwenda kutafuta cha kujengea kiota, anarudi tena. Watoto hawakuweza kujua lini kitu gani kitafuata. Na watoto hao walipokua, walionekana kuwa na upungufu wa kumbukumbu na mabadiliko katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, upungufu huo ulijitokeza walipofika umri wa makamo, ingawa ujana wao ulikuwa umepita bila dalili kubwa.

Mwaka 2017 kundi hilohilo, likishirikiana na watafiti wa binadamu, lilichapisha matokeo kuhusu kina mama na watoto wachanga. Walitazama ishara anazopokea mtoto kutoka kwa mama yake: kuguswa, kuongeleshwa, kutazamwa. Pale ishara hizo zilipokuwa hazitabiriki, maendeleo ya akili ya mtoto utotoni yalielekea kuwa dhaifu zaidi.

NUSU INAYOACHWA

Hapa ndipo wasemaji wetu wanapokatisha habari na kuanza kunyooshea kidole. Lakini hebu tujiulize: yule panya wa kundi la pili alichaguliwa kwa sababu ya ukali wake? Alikuwa mvivu? Alikuwa hana mapenzi na wanawe? La hasha! Alikuwa panya kama mwenzake. Aliyebadilisha malezi yake ni yule aliyemwondolea matandiko.

Kwa hiyo jaribio ambalo watu wanalitumia kumhukumu mama ni ushahidi wa kumtetea. Linasema kwamba ukitaka malezi yatulie, anza na mazingira ya mzazi. Mama ni mlango ambao dhiki ya nyumba hupitia kumfikia mtoto, na mlango hauulizwi kwa nini nje kuna upepo.

Najua mtu atasema panya si binadamu. Kweli kabisa, na hakuna mtafiti makini anayedai vinginevyo. Lakini anayekubali ushahidi wa panya unapomlaumu mama, kisha akaukataa unapomdai baba na jamii, huyo hatafuti elimu. Anatafuta fimbo.

UBONGO WA MAMA NAO UNAFINYANGWA

Jambo jingine lisilosemwa ni kuwa mtoto si peke yake anayebadilika. Mtafiti Elseline Hoekzema na wenzake, katika kazi iliyochapishwa na jarida la Nature Neuroscience, walipiga picha za ubongo wa wanawake 25 kabla ya mimba ya kwanza na baada ya kujifungua. Waliona mabadiliko ya wazi katika sehemu zinazohusika na kuelewa hisia na nia za watu wengine, na mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo miaka 2 baadaye. Maana yake mwanamke aliyejifungua yumo katika ujenzi mkubwa wa ndani, wakati huohuo anatakiwa apike, afue, apokee wageni na anyamaze.

Na kina baba je? Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Ruth Feldman walionyesha kuwa ubongo wa baba nao hujifinyanga, na kadiri baba alivyotumia muda mwingi kumhudumia mtoto kwa mikono yake, ndivyo mawasiliano ya sehemu za ubongo zinazohusika na malezi yalivyokuwa na nguvu zaidi. Basi ule udhuru wa "mimi mwanamume sijui mambo ya watoto wachanga" umekwisha. Hujui kwa sababu hujambeba!

"MBONA BIBI ZETU WALIZAA KUMI?"

Hili ndilo jibu linalotolewa kila mara. Walizaa kumi, ndiyo, lakini tuseme kweli yote. Bibi yako alipojifungua alikaa arobaini. Palikuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, mtu wa kumpikia uji, mtu wa kumpokea mtoto ili mama apate kulala. Kile kilikuwa kiota, na kilijengwa na watu. Leo tumewahamishia wake zetu kwenye vyumba vya kupanga, mbali na mama zao, mume anatoka alfajiri na kurudi usiku, halafu tunashangaa mbona wana hasira. Tumewaondolea matandiko, tumewaachia karatasi nusu, kisha tunawadai utulivu wa bibi.

INAWEZEKANA KUTENGENEZA

Ubongo unaofinyangwa na dhiki hufinyangwa pia na msaada. Katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi nchini Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake walifanya kazi na wanawake waliokuwa na sonona katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Hawakuleta madaktari bingwa. Waliwafundisha wahudumu wa afya wa kike wa palepale kijijini wawatembelee majumbani, wawasikilize, wawasaidie kupanga mawazo na kuishirikisha familia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008. Watoto walipofikisha miezi 6, kina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 katika kundi lililopata msaada huo, na asilimia 53 katika kundi lililotembelewa bila mafunzo hayo. Watoto wao walipata chanjo zaidi na kuharisha kidogo zaidi, na wazazi wote wawili walicheza nao zaidi.

Basi kwa nini tunaendelea kutoa hotuba kwa kina mama, badala ya kuwatengenezea kiota?

Kwako wewe mume: mchukue mtoto kwa saa mbili kila siku ili mkeo alale, na fedha ya chakula iwe inajulikana, asiwe kila asubuhi anajiuliza watakula nini. Kwako mama mkwe na mawifi: mkija kumtazama mzazi, njooni na sufuria ya chakula, msije na orodha ya makosa. Kwenu majirani: muulize mama hali yake yeye mwenyewe kabla ya kuuliza uzito wa mtoto. Na kwa wanaosimama mbele za watu kuzungumzia familia: mkitaja dhiki ya mama, tajeni na anayeisababisha.

Nawe dada yangu uliyejifungua, ikiwa huzuni imekukaa zaidi ya wiki mbili, huwezi kulala hata mtoto akilala, au umeanza kufikiria kujidhuru wewe au mtoto, sema leo. Mwambie mtu unayemwamini, akufikishe hospitali au kituo cha afya. Huo ni ugonjwa na una tiba, wala si upungufu wa mapenzi kwa mwanao.

Atakayesoma haya na bado akataka kumlaumu mama, namwomba kwanza aingie chumbani kwake, ahesabu ni nani aliyelala, nani aliyekula, na nani aliyekuja kusaidia wiki hii. Kisha arudi tuzungumze.

Wabillahi tawfiq.