Mpira wa Mkojo na Siku Saba za Mshahara



Miongoni mwa wenzetu wachuma chai wa Kericho na Bomet wamo wanawake wengi. Mwanamke akipasuliwa wakati wa kuzaa, au akitolewa kizazi, au akishonwa fistula, daktari humtia mpira kibofuni ili mkojo utoke. Mpira huo ni msaada, lakini vijidudu huufuata mpaka ndani, na hatari huzidi kila siku unapokaa.

Kwanza, mpira usikae zaidi ya haja. Baada ya upasuaji mwingi waweza kutolewa katika saa 24. Mgonjwa na aulize kila asubuhi: "Bado wahitajika?" Kuuliza si utovu wa adabu. Lakini asiuvute mwenyewe. Wa fistula hukaa zaidi: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri siku 7 mpaka 10 kwa fistula nyepesi.

Pili, usafi. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira. Jioshe kila siku, kutoka mbele kwenda nyuma. Mfuko uwe chini ya kibofu, usiguse sakafu. Umwagwe kabla haujajaa. Mpira usipindike. Homa, baridi, maumivu ya tumbo, au mkojo ukikoma kutoka, rudi hospitali mara moja.

Tatu, mshahara. Aliyezaa ana likizo ya uzazi ya miezi 3. Aliyeshonwa fistula baadaye, au kutolewa kizazi, ana siku za ugonjwa tu. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa, baada ya miezi 2 kazini na kwa cheti cha daktari, angalau siku 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu, kila mwaka. Fanyeni hesabu! Kwa fistula, siku za mpira peke yake zamaliza mshahara kamili, na kidonda hakijapona. Mama mwenye watoto atabeba kikapu.

Basi twataka mikataba yetu itoe siku zaidi baada ya upasuaji, na kazi nyepesi arudipo. Tena sheria hiyo hiyo yamlazimu mwajiri kuleta maji safi kazini na karibu na nyumba zetu. Bomba likikauka, sabuni yafaa nini?

Wanaume, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Yapelekeni mkutanoni. Umoja ni nguvu.