SAFU YA ELIMU: Funksheni, Grafu na Karatasi ya Kuchagua Masomo



Ndugu wasomaji, kila majira ya baridi vijana wetu wa Flemingdon Park walio katika skuli za sekondari huja nyumbani na habari ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji idhini ya mzazi, na mara nyingi mzazi huitoa akiwa mlangoni, koti mwilini, anakimbilia zamu ya usiku. Mwezi huu tumeona bora tuzungumzie jambo moja lililomo katika karatasi hiyo, kwani hapo ndipo njia za wengi hugawanyika: somo la funksheni na grafu zake.

Wazazi wengi hutuambia, "Hesabu za siku hizi hatuziwezi." Lakini hesabu hizi si za siku hizi. Waliosoma Tanzania walizikuta Kidato cha Tatu. Na neno aljebra lenyewe limetokana na al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu hesabu za mirathi na wasia. Basi tusiiogope kama mgeni. Ni jamaa yetu aliyerudi kwa mlango mwingine.

Funksheni ni kanuni inayopokea kitu kimoja na kurudisha jawabu moja tu. Tuchukue saa yetu ya Kiswahili. Saa moja asubuhi, Wakanada husema saba. Saa mbili, husema nane. Kanuni ni kuongeza 6. Tukiipa kanuni hiyo jina f, tutaandika f(x) = x + 6, na f(2) ni 8. Hapa ndipo vijana wengi hujikwaa: huisoma f(2) kama f mara 2. Sivyo. Herufi f ni jina la kanuni, na kilichomo ndani ya mabano ndicho tunachokiingiza.

Tukifika saa saba mchana, 7 na 6 ni 13, ilhali saa ya ukutani haina 13. Basi tunatoa 12, inabaki 1. Kijana akiichora grafu, ataona mstari unapanda kutoka 7 hadi 12, kisha unakatika na kuanza tena chini kwenye 1. Mwulizeni kwa nini umekatika. Kisha mwambieni aitumie kanuni mara mbili: 1 inakuwa 7, na 7 inarudi kuwa 1. Kanuni hii ni kinyume cha nafsi yake, na funksheni za kinyume ni sehemu ya somo la gredi ya 11.

Mfano wa pili umo katika kalenda ya msikiti iliyobandikwa jikoni. Kijana achukue tarehe 21 ya kila mwezi, atoe saa ya kuchomoza jua katika saa ya kuzama, apate urefu wa mchana. Aandike jedwali, kisha aweke nukta 12 kwenye karatasi ya miraba: miezi kwenye mhimili wa mlalo, saa kwenye mhimili wa wima. Hapa Toronto mchana wa Juni hufikia takriban saa 15 na nusu, na wa Disemba hushuka hadi karibu saa 9. Nukta zitajipanga kama wimbi. Unguja wimbi hilo lipo, lakini ni dogo mno: baina ya mchana mrefu na mfupi kuna takriban dakika 40 tu, na mrefu huangukia Disemba. Ndiyo maana saa yetu iliweza kuhesabiwa tangu kuchomoza jua, na ndiyo maana funga ya Ramadhani hapa hubadilika sana inapohama kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Aliyeichora grafu hii kwa mkono wake hatatishwa na wimbi la kitabuni.

Mzazi asiyejua Kiingereza wala aljebra anaweza kuuliza maswali matatu kwa Kiswahili. Unaingiza nini, na unapata nini? Grafu inapanda wapi, inashuka wapi, na kwa nini? Ukichora mstari wa wima popote, unaikata grafu mara ngapi? Ukiikata zaidi ya mara moja, kama inavyokuwa kwa duara, hiyo si funksheni, kwa sababu kitu kimoja kimepata majawabu mawili. Kijana anayeweza kumweleza mama yake, somo limemwingia. Anayejibu, "Hutafahamu," huenda yeye mwenyewe hajafahamu.

Sasa turudi kwenye karatasi. Tangu Septemba 2021 wanafunzi wa gredi ya 9 katika Ontario husoma hisabati moja. Mgawanyiko huja gredi ya 10: MPM2D ni ya kitaaluma, na MFM2P ni ya matumizi. Somo la Funksheni la gredi ya 11, MCR3U, humtaka mwanafunzi awe amepita MPM2D. MCR3U humfungulia MHF4U ya gredi ya 12, nayo huandamana na MCV4U, yaani kalkulasi na vekta, ambazo vijana wanaotaka uhandisi huzihitaji. Aliyechukua MFM2P anaweza kuingia MCF3M, na njia ya kuzunguka ipo, lakini ni ndefu, na wengi huchoka katikati.

Hatusemi kila mtoto awe mhandisi. MFM2P si aibu, na fundi hodari ni fahari ya ukoo. Tunalolisema ni kwamba uamuzi huo usifanywe kwa sababu kijana aliogopa f(x) mwezi mmoja, au kwa sababu mzazi aliona haya kuuliza. Ombeni kuonana na mshauri wa masomo kabla ya kutoa idhini, na mkihitaji mkalimani mwambieni mapema. Mwulizeni jambo moja: "Somo hili linamfungulia mtoto wangu mlango gani, na linafunga upi?" Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumzia asilimia na riba za kadi za benki.

Wabillahi tawfiq.